Je, mzee anayesahau amerudi utotoni? Jibu langu kwa mleta mada

Ndugu mleta mada, nimesoma swali lako mara mbili kabla ya kuandika, kwa sababu hayo unayoyaeleza nimeyaishi kwa miaka saba. Umesema mama yako ana umri wa miaka 76, kwamba umemchukua kutoka Bahi aishi nanyi hapo Nkuhungu, Dodoma mjini, baada ya kupotea mara mbili akitoka kwenye majaruba ya mpunga aliyoyalima maisha yake yote, kwamba nyumbani mna mtoto wa miaka miwili, na kwamba kila mgeni anayekuja kumjulia hali anakuambia, "Mzee ameshakuwa mtoto tena, mleeni kama mnavyomlea huyo mdogo." Unauliza kama maneno hayo ni ya kweli na kama ndivyo mnavyopaswa kuishi naye.

Nimefundisha darasa la awali hapa Dodoma kwa miaka 19, na nilimuuguza mama yangu mzazi mpaka alipofariki mwaka 2021 akiwa na miaka 84. Kwa hiyo nimekaa na watoto na nimekaa na mzee, kuna wakati chini ya paa moja, na jibu langu ni kwamba usemi huo una chembe ya ukweli, lakini anayeichukua chembe hiyo kuwa ndiyo ukweli wote atamuumiza mzee wake bila kukusudia, kama nilivyomuumiza mimi wangu.

Chembe yenyewe ni hii. Daktari wa Kimarekani aitwaye Barry Reisberg, aliyewafuatilia kwa miaka mingi wagonjwa wa Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu na uwezo wa mtu polepole, alionyesha kwamba uwezo wa mgonjwa huelekea kupotea kwa mpangilio unaokaribia kuwa kinyume cha ule ambao mtoto huupata. Mtoto mchanga huanza kutabasamu kwa kumjibu mtu akiwa na majuma sita hadi manane, kisha hukaza shingo, hukaa bila kushikwa anapokuwa na miezi sita hivi, hutembea karibu na mwaka mmoja, na huanza kwenda chooni mwenyewe akiwa na miaka miwili au mitatu, wakati kuvaa nguo zake vizuri na kujua hesabu ya fedha huja baadaye sana. Mgonjwa huanza kupoteza pale mtoto alipomalizia. Mama yangu mwaka wa kwanza alimpa muuza karanga noti ya shilingi elfu kumi mnadani na kuondoka bila kungoja chenji, mwaka wa tatu akawa anavaa blauzi juu ya blauzi, baada ya hapo ikaja shida ya kuoga, kisha ya choo, na katika mwaka wa mwisho maneno yakabaki machache, miguu ikakataa, na hata kukaa wima tukawa tunamwegemeza kwa mito. Anayetazama kwa mbali ataona utoto unaorudi nyuma hatua kwa hatua, wala simlaumu.

Tazama sasa kwa karibu. Mjukuu wangu alipokuwa na miezi tisa, mama alikuwa katika mwaka wa nne wa ugonjwa, na wote wawili walikuwa wakishinda nami barazani kwenye mkeka mmoja. Nilikuwa naficha kikombe cha plastiki chini ya kanga, mtoto anaivuta kanga, anakiona kikombe, anacheka mpaka anapaliwa, nami nakificha tena. Jean Piaget, mtaalamu wa Uswisi aliyechunguza ukuaji wa akili kwa kuwatazama wanawe mwenyewe, alieleza kwamba mtoto mchanga hutenda kana kwamba kitu kisichoonekana hakipo, na kwamba ni karibu na miezi minane ndipo anapoanza kukitafuta kilikofichwa. Kila kikombe kilipofunuliwa, mjukuu wangu alikuwa anaongeza jambo katika ufahamu wake. Asubuhi hiyohiyo mama alikuwa akitafuta funguo za sanduku lake, ambazo yeye mwenyewe alikuwa amezisokomeza ndani ya foronya, na aliposhindwa kuziona alimgeukia dada wa kazi akamwambia, "Zitoe, nimekuona." Nilimtazama usoni. Mikono ilikuwa ikitetemeka na macho yamejaa hofu ya mtu aliyelinda sanduku lake kwa zaidi ya miaka hamsini, anayejua kwamba kuna kitu kinamtoka lakini hajui kinapotelea wapi. Mtoto huyu na mzee huyu wote walikuwa wanatafuta kitu kilichofichwa, na hapakuwa na jambo lolote linalofanana ndani yao.

Tuhuma za kuibiwa zitakuja kwenu pia, kama hazijaanza. Mtu anapokosa kumbukumbu ya kitendo alichokifanya, akili hulijaza pengo kwa maelezo yaliyo karibu, na maelezo yaliyo karibu mara nyingi ni yule anayeshinda naye. Msibishane naye, tafuteni pamoja naye. Mimi nilichongesha funguo nyingine mbili, na dada wa kazi nilimweleza kando kwamba maneno yale yanatoka kwenye ugonjwa, kwa sababu bila maelezo hayo angeondoka, na angeondoka na uchungu wa haki kabisa.

Kosa langu kubwa lilikuwa bafuni. Nilikuwa nimezoea watoto wa miaka minne na mitano, na ulimi wangu ukawa unanitoka vilevile: "Haya, inua mkono, mtoto mzuri, tumalize." Mlango nilikuwa nauacha wazi ili nisikie chungu jikoni. Siku moja mama alinishika kifundo cha mkono kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo, akanitazama, akasema, "Mimi ndiye niliyekuogesha wewe." Wakati huo alikuwa hajui ni mwaka gani wala ni nani Rais, na jina langu alilipata kwa nadra, lakini nafasi yake kwangu na nafasi yangu kwake alizijua. Tangu siku ile nilianza kufunga mlango, kumwachia kanga mabegani huku nikiosha sehemu moja moja, kumwomba ruhusa kabla ya kumgusa, na kumpa dodoki ajisugue mwenyewe pale alipoweza, hata kama ilichukua nusu saa. Ugomvi wa bafuni ulipungua sana. Kwako wewe mtoto wa kiume naongeza jambo moja: usimwogeshe wewe, wala usimwachie mke wako peke yake mzigo huo. Kama una dada, au mama mdogo aliye hai, kaeni kikao cha ukoo mgawane zamu, kwa kuwa aibu ya mama mbele ya mwanawe wa kiume haifutwi na ugonjwa.

Erik Erikson, mtaalamu wa saikolojia aliyeyagawa maisha ya binadamu katika hatua nane tangu kunyonya hadi uzeeni, na kuyachapisha mawazo hayo mwaka 1950, alisema hatua ya kwanza ya mtoto ni kujifunza kuamini au kutoamini, na ya pili, ambayo ndiyo aliyomo mwanao sasa, ni kujitegemea au kuona haya. Mkewe Joan, akiwa ameshavuka miaka 90, aliongeza hatua ya tisa katika maandishi yaliyotoka mwaka 1997, akieleza kwamba katika uzee mkubwa maswali yale ya mwanzo hurudi yote: je, mwili wangu bado ni wa kuaminika, je, bado nina uamuzi juu yangu mwenyewe? Mimi namwamini sana mwanamke huyo, kwa sababu aliandika kutoka ndani ya umri wenyewe. Maswali hurudi, lakini yanamrudia mtu aliyekwisha kuyajibu mara moja, akaolewa, akazaa, akazika. Mwanao akikataa kuvalishwa suruali na kupiga kelele kwamba atavaa mwenyewe, anadai kitu ambacho hajawahi kuwa nacho. Mama yako akikataa, anatetea kilichokuwa chake.

Umesema pia kwamba siku hizi anachanganya Kigogo na Kiswahili, na Kiswahili kinapungua. Hilo ni la kawaida kwa wagonjwa wenye lugha mbili. Tangu mwaka 1881 mwanasaikolojia Mfaransa Théodule Ribot alishaandika kwamba kumbukumbu mpya ndizo hutangulia kupotea na za zamani ndizo hudumu, na lugha ya kunyonya ni miongoni mwa vitu vya zamani kabisa alivyo navyo mtu. Mama yangu alifika mahali Kiswahili kikamwisha kabisa, na dada wa kazi wetu alikuwa mtu wa Kigoma, kwa hiyo ikawa mgonjwa anaomba maji na anapelekewa shuka. Tuliandika maneno ishirini ya Kigogo kwenye karatasi tukaibandika jikoni: maji, njaa, maumivu, choo, baridi na mengineyo. Wakati huohuo mama alikuwa akizungumza habari za Operesheni Dodoma ya mwaka 1970 na 1971, watu walipohamishwa kwenda vijiji vya pamoja, kana kwamba ilikuwa wiki iliyopita, akiuliza kila siku lini tutarudi kwenye tembe letu. Mikono nayo ilikumbuka. Nilipompa ungo wenye mtama, alipeta kwa mapigo yaleyale ya zamani, pumba zikitua mbele ya miguu yake na punje zikibaki katikati, bila kumwaga hata moja, naye alikuwa hawezi kukumbuka kama amekula. Ujuzi wa mikono hutunzwa kwa njia tofauti na kumbukumbu za matukio. Mpe mama yako kazi ambayo mikono yake inaijua, hata mboga za kuchambua, na usiirudie kazi hiyo mbele yake kwa kuona hakuifanya vizuri.

Jioni ndiyo itakayowachosha. Kuanzia saa kumi na moja mama alikuwa anamtafuta mama yake mzazi. Mwanzoni nilimwambia ukweli kwamba bibi alishafariki zamani, naye alilia kama aliyepokea habari za msiba wakati uleule, na kesho yake akauliza tena, nikamjibu tena, akalia tena. Nilimfiwisha mama yake mara nne kabla sijaelewa ninachofanya. Mary Ainsworth, mtaalamu aliyekaa Uganda katikati ya miaka ya 1950 akiwatazama watoto wachanga wa Kiganda na mama zao, alieleza jinsi mtoto anavyomfanya mama kuwa kituo cha usalama wake, mahali pa kutokea na pa kurudia anapoogopa. Naamini mama yangu, giza lilipoanza kuingia na vitu kupoteza sura, alikuwa anaogopa, na aliita kituo chake cha kwanza. Nikaanza kumuuliza, "Mama yako alikuwa anapika nini jioni?" Naye alinionyesha kwa vidole jinsi mlenda unavyovutika, na hofu ilipungua kabla ya taa kuwashwa.

Kuna jambo moja ninalokuomba usilicheleweshe. Shirika la Afya Duniani linaeleza wazi kwamba demensia, yaani kupotea kwa kumbukumbu na uwezo wa kufikiri kunakotokana na magonjwa ya ubongo, si sehemu ya kawaida ya kuzeeka. Mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa nayo, na Alzheimer ndiyo chanzo cha asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa hao. Kwa hiyo mtu akikuambia "ni uzee tu", usiondoke. Mama yangu aliwahi kubadilika ndani ya siku mbili: akawa anaona watu ukutani, hatambui usiku na mchana, na kwenye kituo cha kwanza tulichokwenda tukajibiwa hivyohivyo, kwamba ni uzee. Tulipompeleka kwingine akapimwa mkojo, akakutwa na maambukizi, akapewa dawa, na baada ya wiki moja akarudi kwenye hali yake ya awali. Kupungua kwa miezi na miaka ni jambo moja, na kuvurugika kwa siku chache ni jambo jingine linalohitaji hospitali mara moja. Waombe pia wampime sukari, shinikizo la damu, upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingoni, masikio, na macho kwa ajili ya mtoto wa jicho, na waangalie dawa zote anazotumia. Sonona nayo kwa mzee huweza kuonekana kama usahaulifu, na inatibika.

Kuhusu mwanao, wacha akae na bibi yake, ila wasiachwe wawili peke yao penye moto au maji, na msiwalinganishe mbele yao, kwa kuwa wote wawili wanasikia.

Miezi ya mwisho ilikuwa ya kulisha. Kumeza kulikuwa kugumu, kwa hiyo tulimketisha wima, uji ukiwa mzito kidogo, kijiko kidogo kidogo, tukingoja koo lishuke kabla ya kijiko kingine. Hakuwa tena na maneno. Lakini kila asubuhi nilipiga magoti kando ya kitanda nikamwamkia kwa Kigogo, "Mbukwenyi", nikanyamaza, na mpaka siku nne kabla hajafariki midomo yake ilikuwa inasogea kuitikia. Kesho, kabla ya kumpa mama yako chai, mwamkie kwa lugha yake kama ulivyomwamkia ukiwa mwanafunzi, kisha ngoja aitikie, hata kama itachukua dakika nzima.