Rangi za katuni hupotea wapi unapotoa video (export), na namna ya kuzilinda

Weka udongo mwekundu wa Dodoma, zabibu za Hombolo na alizeti za Singida kwenye katuni moja, na utakuwa umekusanya karibu rangi zote zinazosumbua video. Kwenye kompyuta ya mchoraji zinang'aa. Zikifika kwenye simu ya mteja, udongo umeelekea rangi ya chungwa, majani yamefifia, weusi umekuwa kijivu. Wengi hudhani faili limebanwa mno, wanalitoa upya likiwa kubwa maradufu, na rangi zinabaki vilevile. Zinabaki vilevile kwa sababu mara nyingi ziliharibika kabla ya kubanwa.

Programu ya kuchorea huhifadhi kila pikseli kwa nyekundu, kijani na bluu. Video ya H.264, njia ya kubana inayotumika sana kwenye faili za MP4, hutenganisha mwangaza na rangi. Ili kutoka huku kwenda kule inahitajika kanuni ya hesabu, na zinazotumika sana ni mbili: BT.601 ya video za zamani na BT.709 ya HD. FFmpeg, programu ya kugeuza video kwa amri za maandishi ambayo imo ndani ya programu nyingi za kutolea video, usipoielekeza huzigeuza picha za PNG kwa BT.601. Kicheza video nacho kikipokea faili la 1920 kwa 1080 lisilo na lebo ya kutaja kanuni iliyotumika, kwa kawaida hukisia BT.709. Hapo ndipo rangi zinapopotea, na upotevu wenyewe unapimika: kijani safi cha 255 hurudi kikiwa karibu 215, na nyekundu safi hurudi ikiwa imechanganyika na kijani cha kama 25. Udongo wako umegeuka chungwa kwa hesabu hiyo, na hakuna ukubwa wa faili utakaoirekebisha.

Kosa la pili ni la wigo. Video ya kawaida huweka weusi kwenye 16 na weupe kwenye 235, si 0 na 255. Upande mmoja ukihesabu kwa wigo mfupi na mwingine ukasoma kwa wigo mpana, picha inapauka kama yenye vumbi. Ikiwa kinyume chake, vivuli vyote vinazama na mikunjo ya nguo nyeusi haionekani tena.

Kabla ya yote, kagua chanzo. Blender, programu ya kuchorea katuni za 3D, tangu toleo la 4.0 huanza na mwonekano wa AgX, ambao ni mzuri kwa mwanga wa uhalisia lakini hupunguza ukali wa rangi bapa za katuni. Kwa katuni za rangi bapa, nenda kwenye Color Management, kisha View Transform, uchague Standard. Halafu usitoe MP4 moja kwa moja. Toa mfululizo wa PNG, fremu moja faili moja. Umeme ukikatika katikati ya kazi unaendelea kutoka fremu iliyofuata badala ya kuanza upya, na ugeuzaji wa rangi unaufanya mara moja tu, kwa makusudi, kwa amri hii:

ffmpeg -framerate 25 -i fremu_%04d.png -vf "scale=out_color_matrix=bt709:out_range=tv,format=yuv420p" -c:v libx264 -preset slow -crf 16 -tune animation -color_primaries bt709 -color_trc bt709 -colorspace bt709 -color_range tv -movflags +faststart katuni.mp4

Sehemu ya scale ndiyo inayogeuza rangi. Zile nne zinazoanza na color ni lebo tu. Ukiweka lebo bila kugeuza, umeandika uongo juu ya faili, na rangi zitakosewa kwa uhakika zaidi kuliko kukisia. CRF ni kiwango cha kubana: namba ndogo, ubora mkubwa na faili kubwa. CRF 16 ni ya nakala ya kukabidhi. Kwa nakala nyepesi 20 hadi 22 inatosha katuni nyingi.

Jambo linalohitaji uangalifu wa mchoraji mwenyewe ni yuv420p, mfumo wa pikseli uliotajwa kwenye amri. Mfumo huu huhifadhi mwangaza wa kila pikseli, lakini rangi moja hugawiwa pikseli nne, yaani video ya 1920 kwa 1080 ina rangi za 960 kwa 540 tu. Chora bendera ya Tanzania ndogo pembeni ya fremu uone: ile michirizi ya njano inayopakana na weusi, ikiwa na upana wa pikseli moja au mbili, inachafuka na kupoteza unjano wake. Ipe pikseli nne au zaidi kwenye ukubwa wa mwisho. Maandishi mekundu juu ya bluu nayo huvimba ukungu kingoni, kwa kuwa rangi hizo hazipishani sana kwa mwangaza. Yazungushie mstari mweupe au badilisha usuli. Kutumia yuv444p, inayohifadhi rangi ya kila pikseli, kungemaliza tatizo, lakini simu nyingi na televisheni hazifungui faili hilo, kwa hiyo hatushauri umkabidhi mteja.

Mbingu za jioni zina ugonjwa wake: matabaka. Mpito unaotumia hatua 40 tu za mwangaza kwenye kimo cha pikseli 1080 hutoa mikanda ya pikseli 27, na jicho huiona yote. Ongeza chenga hafifu kwa kuweka noise=alls=4:allf=t mwishoni mwa -vf, baada ya format na mkato. Kwenye video hiyo ondoa -tune animation, maana hulainisha zile chenga ulizoziweka, na badala yake weka -aq-mode 3, inayotunza zaidi sehemu za giza. Faili litaongezeka ukubwa; ni gharama inayostahili.

Sasa pima, usitegemee macho. Mwishoni mwa mfululizo weka fremu chache zenye miraba ya nyeusi, nyeupe, nyekundu, kijani na bluu safi, pamoja na rangi kuu za katuni yako. Fungua MP4 kwa VLC, piga picha ya skrini, soma namba kwa kifaa cha kuchukulia rangi. Tofauti ya 2 au 3 ni ya kawaida. Weusi ukisoma 16 na weupe 235, shida ni wigo. Kijani kikisoma 215, shida ni kanuni. Ukiwa na Mac, usihukumu kwa QuickTime peke yake, kwani huonyesha rangi za kati zikiwa nyepesi zaidi ya vicheza video vingine. Lebo zikaguliwe hivi:

ffprobe -v error -select_streams v:0 -show_entries stream=pix_fmt,color_range,color_space,color_transfer,color_primaries katuni.mp4

Neno unknown likitokea, lebo hiyo haikuingia.

WhatsApp huibana video tena ukiituma kama video ya kawaida. Itume kama hati, nayo itafika ilivyo. Mteja akisisitiza kuisambaza kwenye makundi kama video, mtengenezee nakala ya 1280 kwa 720 kutoka kwenye PNG zilezile, kamwe si kutoka kwenye MP4 uliyokwisha kuibana, na uijaribu kwenye simu ya bei nafuu ukiwa nje juani, hali ya rangi kali ikiwa imezimwa.