Makala za mafuta ya alizeti hazileti wateja

Dada wa Kibaigwa, nimekuelewa: unakamua alizeti, umeandika makala kumi za kuyasifia mafuta yako, na simu haiiti. Nami nauza mafuta hayo hapa Dodoma mjini, nilikwama palepale.

Punguza sifa, jibu maswali. Weka daftari dukani, andika anachouliza mteja kwa maneno yake. "Mbona chini yana mashapo?" Hilo peke yake ni makala nzima, na ndilo liwe kichwa cha habari. Eleza kwamba mafuta yasiyosafishwa kiwandani hutuama, unayaacha siku ngapi kabla ya kuchuja, kisha piga picha dumu lako mwenyewe, mwanga ukipita. Makala ya namna hiyo ndiyo iliyoniletea mama ntilie wa kwanza kuchukua dumu la lita 20.

Bei, mahali ulipo na namba ya simu viwe juu kabisa.

Tafadhali sana, usiandike kwamba yanatibu presha. Wala usiweke alama ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, kabla hujapewa. Anzia SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, huwapa wajasiriamali wadogo barua ya utambulisho ya kupeleka TBS.