Barua kwa mwanangu: ni kikoba au ni korosho?

Mwanangu, marahaba. Vois noti yako ya juzi nimeisikiliza mara mbili, ya kwanza nikiwa jikoni sikuelewa vizuri, ya pili nikakaa chini kabisa. Unasema huko ofisini kwenu Dodoma mnaandika mambo ya vikundi vya akina mama vya kuweka na kukopa, na bosi wako kakuuliza swali ambalo na wewe umenirushia mimi: hivi nyumbani Newala kilichotutoa kwenye shida ni kikoba kweli, au ni korosho tu zilipanda bei? Afu ukaniambia "mama usinipe majibu ya semina". Haya, sikupi ya semina. Naandika badala ya kupiga maana nikiongea kwenye simu baba yako ananidakia.

Jibu fupi ni korosho. Hela ya kikoba haijawahi kuwa nyingi, hisa yetu ilikuwa 1,000 na mwisho hisa tano kwa wiki, sasa piga hesabu mwenyewe, hata ugongewe mihuri yote ya hisa kwenye kitabu mwaka mzima bila kukosa wiki ni 260,000 na riba kidogo juu yake, hiyo inajenga nini.

Ila nenda taratibu hapo kwenye korosho, maana si kila mwenye mikorosho ndo mwenye korosho.

Unakumbuka Julai 2017? Ulikuwa umechaguliwa fomu faivu, bweni, ile fomu ya kujiunga imeandikwa ada 70,000 na chini yake orodha ndefu, godoro, tranka, mashuka, ndoo, jembe, rimu ya karatasi, sijui nini na nini. Julai ndo mwezi mbaya kuliko yote huku kwetu. Hela ya msimu uliopita ilishaisha zamani, mikorosho inataka kupuliziwa salfa la sivyo ugonjwa wa ubwiriunga unamaliza maua yote, na mnada mpaka Oktoba. Hapo ndo anapokuja mtu wa kangomba, hawa wanaonunua korosho majumbani kwa bei ya chini nje ya mnada.

Yule baba alikuja asubuhi, akakaa kwenye mkeka chini ya mwembe, akapewa chai, wala hakuja na kipimo chake maana alikuwa ananunua korosho ambazo bado ni maua. Anatoa hela leo, wewe unampa korosho zikianguka, 1,200 kwa kilo, na kilo ya kangomba unaijua, inajazwa mpaka inamwagika. Baba yako alishaanza kuhesabu kwa vidole, gunia nne zinatosha ada na godoro na salfa. Mimi nikamwambia tusubiri Jumatano. Akanuna, akasema mtu mwenye hela taslimu hasubirishwi. Nikamwambia chai yake kanywa, atasubiri.

Jumatano ndo siku ya kikoba, likafunguliwa sanduku la hela. Kufuli tatu, funguo wanazo akina mama watatu wa mitaa tofauti, na yule anayelala na sanduku hana hata ufunguo mmoja. Akiba yangu ilikuwa laki moja na kitu, kwetu unakopa mpaka mara tatu, nikaomba laki tatu kwa riba ya asilimia 5 kwa mwezi. Wahesabu hela wawili wakahesabu kwa sauti noti za elfu mojamoja na sarafu za mia tano, moja baada ya moja, mama mmoja pembeni yangu akawa anasinzia na mtoto mgongoni. Nikazifunga kwenye pindo la kanga nikarudi nyumbani natembea katikati ya njia kama mwizi.

Msimu ule korosho mnadani zikapita 4,000.

Sasa gunia nne ni kama kilo 320. Toa makato ya chama cha msingi cha ushirika, toa riba yangu ya miezi yote ile, bado ni zaidi ya mara mbili ya hela ya yule baba. Majirani zetu wawili waliochukua hela yake walipeleka magunia wakarudi mikono mitupu, bei waliisikia redioni tu kama watu wa Dar. Walikuwa na mikorosho mingi kuliko sisi. Kwahiyo mwambie bosi wako hivi, bei ilipanda kwa wote ila ilimfaa aliyekuwa bado hajauza, na mimi nilikuwa sijauza kwa sababu ya lile sanduku. Sijui hapo ataandika ni korosho au ni kikoba, hiyo kazi yenu.

Na ile hela ndo iliyoleta bati na tanki. Hili wewe hukuliona vizuri maana ulikuwa shule. Wewe ulishuka bondeni na ndoo kichwani tangu una miaka saba, mnatoka giza mnarudi jua limewaka, na kiangazi kikikaza tunanunua maji kwa ndoo kama sukari. Nyumba ya makuti huwezi kukinga mvua, maji yanatoka mekundu. Tulipoezeka bati tukaweka na simtank la lita 1,000, mdogo wako hakushuka bondeni tena kipindi cha mvua, akawa anafika shule hajachoka, na mimi nikapata asubuhi ya kukaanga maandazi. Ukinidai nionyeshe siku tuliyotoka kwenye shida nitakuonyesha hiyo, mvua ya kwanza inagonga bati na baba yako amesimama nje analowana anasikiliza tanki linavyojaa.

Usije ukaandika yote matamu lakini. Kikundi chetu cha kwanza, 2011, kilikufa. Hela ilikuwa inakaa kwa mweka hazina ndani ya kopo la maziwa, hakuna kufuli tatu wala nini, mume wake akaugua, akachukua akidhani atarudisha, siku ya kuvunja kikundi tugawane akiba tukakuta nusu haipo. Sikumchukia, ningekuwa mimi labda ningefanya vilevile. Tukaja kufundishwa upya na mwezeshaji aliyetuambia mtindo huu ulianza kwa akina mama wa Maradi, Niger, 1991, tukacheka, tukasema kumbe shida ina ndugu mpaka huko.

Kuna na lile la mwenzetu aliyeshindwa kurejesha. Tulienda kwake wanne, tukachukua sufuria mbili na godoro. Sheria tuliandika wenyewe na yeye aliweka dole gumba. Watoto wake walikuwa wamesimama mlangoni wanatuangalia. Sufuria tulimrudishia baadae, ila mpaka leo tukikutana kisimani anaangalia pembeni, na ana haki.

Halafu wale wenye shida kuliko wote hata hawamo. Yule bibi wa jirani anayelea wajukuu watatu, hisa ya 1,000 kila wiki ataitoa wapi? Tulimwambia aingie, akasema nikikosa mtanipiga faini, na kweli tungempiga.

Ile habari ya utafiti uliyonitumia, wa Ghana, Malawi na Uganda, uliotoka 2017, kwamba biashara za akina mama zilikua kidogo na wakapata sauti nyumbani ila matumizi ya familia kwa wastani hayakuonekana kupanda, mimi haikunishangaza. Mwaka wa pili wa kikoba na sisi tulikuwa tunakula mhogo na kisamvu vilevile. Angekuja mtu kutupima wakati ule angeandika hakuna kitu.

Na 2018 ndo niliona mwisho wa sanduku. Serikali ikasema itanunua korosho yenyewe kwa 3,300 kwa kilo, malori ya jeshi yakaja, kukawa na uhakiki wa wakulima, malipo kwetu yakachelewa. Sasa sisi wote thelathini tunalima kitu kimoja, ikikwama inakwama kwa wote siku hiyohiyo, kila mtu anataka kukopa hakuna wa kurejesha. Sanduku lilikauka. Tulikuwa tunafungua kufuli tatu kutoa hewa. Tukabaki na mfuko wa jamii tu, hela ya msiba na ugonjwa. Ndo maana siku hizi nikiona mwenzetu anafuga kuku au anauza dagaa namsukuma akope yeye kwanza, huyo hela yake inatembea miezi ambayo yetu imelala.

Mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato yake, usiniulize sana, nne za wanawake, nne za vijana, mbili za wenye ulemavu, haina riba na ni kitu kizuri, ila nimeona vikundi vinazaliwa wiki ya kujaza fomu na kufa wiki ya kupokea hela. Hao hawana hata kitabu.

Ulisema unataka kunitumia hela kila mwezi ili niache kikoba nipumzike. Tuma tu, sikatai, ila nitanunulia hisa. Na ukinipigia usipige Jumatano saa kumi jioni, wiki iliyopita simu yako iliita katikati ya hesabu nikatozwa 500 mbele ya watu, na hiyo nakudai.

Mama yako.