Sumu ya madini ya risasi mtaani: ushahidi gani?

SWALI: Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kimetuchafulia mtaa. Wakili anataka ushahidi, tuanzie wapi? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Pimeni risasi kwenye damu na udongo. Mtoto aoshwe mkono kwa sabuni kabla ya kutobolewa kidole. Vumbi la risasi likibaki kwenye ngozi, kipimo kinapanda kwa uongo, na wakili wa kiwanda atakirarua. Udongo chota wa juujuu, sentimita mbili hivi. Kila aliyeshika sampuli aandike tarehe na asaini. Hapo ndipo kesi huvuja. Kifungu cha 70 cha Katiba hakiwadai mthibitishe kuumia, ila fidia ni hadithi nyingine. Na mjipe subira: wakazi wa Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa uliochafuliwa na kiwanda kama hicho, walipewa na mahakama fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, Mahakama ya Rufaa ikatengua, Mahakama ya Juu ikarejesha Desemba 2024.