Barua kwa mwanangu: sungura wako hajageuka chui

Mwanangu mpendwa,

Sauti uliyonitumia jana usiku nimeisikiliza mara mbili, ya pili mama yako akiwa pembeni anacheka. Umesema sungura wenu alikuwa mpole kama pamba, sasa ametimiza miezi sita na kila ukiingiza mkono kizimbani anakurukia huku akiguna, na juzi kamng'ata mjukuu wangu kidoleni mpaka damu ikatoka. Unauliza umrudishe kwa aliyekuuzia, au umlete kwangu huku Morogoro.

Mama yako ana jibu lake, na unalijua: ndani yake mna vitunguu na tui la nazi. Langu ni refu kidogo.

Tuanze na kidole. Kama hukukiosha siku ile ile kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kioshe leo, na umpeleke mtoto zahanati wakuangalizie kama chanjo yake ya pepopunda bado inamlinda. Meno ya sungura ni membamba, yanaingia ndani kuliko tundu linavyoonekana kwa nje. Kikivimba au kikiwa na joto, usikae nacho nyumbani.

Sasa huyo mnyama. Miezi sita, mama, ni kigori huyo. Uliyemleta kwenye boksi la viatu alikuwa mtoto, na sungura huanza kupevuka kati ya miezi mitatu na sita hivi, wale wakubwa wa umbo huchelewa zaidi. Akishapevuka anaanza kuhesabu hiki ni changu, hiki si chako. Utamwona anasugua kidevu kwenye miguu ya meza. Chini ya kidevu ana tezi za harufu, anaweka alama ambayo sisi hatuinusi. Jike ndiye hasa anayelinda shimo, maana kwa asili yake humo ndimo atakamozalia. Najua uliambiwa ni dume. Mimi nami niliwahi kuambiwa hivyo, nikamwita Sultani miezi minne mizima, mpaka asubuhi moja nikakuta Sultani amezaa watoto sita. Daktari wa mifugo atakupa jibu kwa dakika moja. Wewe usijaribu kumpindua mwenyewe akiwa na hasira.

Unakumbuka lile banda la nyuma ya jiko, la mbao na wavu? Ulikuwa mdogo, labda unakumbuka harufu tu. Palikuwa na jike mmoja wa kijivu, mnene, na bakuli lake la bati. Kila asubuhi nikilishika bakuli ananipiga kwa miguu ya mbele, pa pa, kama bondia, halafu meno. Siku ya tatu nikachukua fagio la chelewa nikamchapa. Nilidhani namtia adabu. Kesho yake hakusubiri tena mkono, alianza kuruka aliposikia komeo la mlango likilia. Nilikuwa nimemfundisha mwenyewe kwamba komeo likilia vita imefika. Yule hakurudi kuwa mpole tena, na jinsi alivyoishia mama yako anaweza kukueleza. Nilichelewa sana kuelewa kwamba kosa lilikuwa langu. Kwa hiyo usimpige, hata kofi dogo la puani, na mtoto naye usimruhusu.

Angalia macho yake yalivyokaa pembeni mwa kichwa. Anaona nyuma, anaona juu, lakini hapo mbele ya pua hapaoni. Mkono unaomwendea puani anauona unakuja, kisha unapotea, kisha unamgusa. Na mkono unaoshuka kutoka juu kwake ni mwewe. Wewe unampelekea mchicha, yeye anaona makucha.

Kwa hiyo acha kuingiza mkono. Fungua mlango, kaa chini sakafuni, mwache atoke mwenyewe. Akishatoka na kwenda zake ukumbini, hapo ndipo ufagie, utoe bakuli, ubadilishe maji. Usisafishe kila kitu kwa mkupuo mmoja. Bakiza kiganja cha nyasi za zamani kwenye kona yake ya kujisaidia, la sivyo atarudi akute nyumba haina harufu yake na aanze upya kuipigania. Chakula nacho usikiweke bakulini pekee. Kimwage huku na kule juu ya nyasi kavu akitafute, akose kitu kimoja cha kukilinda.

Itakapobidi uingize mkono, vaa shati la mikono mirefu na glovu za bustani, upitie ubavuni, ukimsemesha kwa sauti ya chini. Akiruka usiuvute mkono kwa haraka. Najua ni rahisi kusema, lakini ukiuvuta anajifunza kwamba kuruka kunafukuza mikono. Utulize, kisha uweke kiganja taratibu juu ya kichwa chake, katikati ya masikio na macho, sugua kidogo, toka. Fanya hivyo mara nyingi kwa muda mfupi mfupi. Kabla hajaruka atakuonya: masikio yanalala nyuma yakibana kabisa, mkia unanyanyuka, shingo inanyooka. Ukiona hivyo, subiri. Akipiga teke la sakafu kwa miguu ya nyuma, tu, hiyo ni hofu, amesikia kitu. Na akikuzunguka miguuni huku akiguna kidogo, wala si ugomvi, anakutongoza.

Halafu kile kizimba. Kwenye picha uliyonitumia nimeona mnyama anayegeuka kwa shida. Hata wewe ningekufungia humo ungeng'ata watu. Mpe ukumbi au kile kibaraza cha nyuma saa kadhaa kila siku, asubuhi na jioni ndipo anapokuwa mchangamfu, na nyaya za umeme uzifiche kwanza maana atazitafuna. Nyasi kavu ziwepo muda wote, hizo ndizo chakula chake hasa. Karoti ni peremende kwake, kipande tu.

Kuna jambo nataka uliangalie leo hii: manyoya ya kifuani na chini ya kidevu. Je, anayanyofoa? Anabeba nyasi mdomoni kama masharubu na kuzirundika kona moja? Yule Sultani baada ya uzazi wake wa kwanza alinitia hofu, kifua kimebaki ngozi tupu, nikadhani ni ukurutu, nikaanza kutafuta dawa. Kumbe alikuwa anatandika kiota, na safari hiyo hapakuwa na dume wala mimba. Mwili wa jike unaweza kujidanganya kwamba una mimba, ukakaa hivyo zaidi ya wiki mbili, na siku hizo huwa mkali kweli kweli. Ukikuta kiota usikibomoe, mwache nacho, siku zikipita atakiacha mwenyewe.

Kama hayo hayapo, na ukali umeanza ghafla siku moja, fikiria maumivu. Meno ya sungura hayakomi kukua, magego yakiota vibaya yanamkata ulimi. Masikio hupata utitiri. Nyayo huchubuka kwa kukanyaga wavu mtupu, na wako nimeona yuko juu ya wavu, mtandikie. Akitoka udenda, au akipitisha nusu siku bila kula wala kutoa kinyesi, usiningoje mimi wala kesho, ni daktari siku hiyo hiyo.

Dawa ya kudumu, kwa maoni yangu, ni kumtoa kizazi. Wewe hutafuti watoto wa kuuza, na jike asiyefanyiwa hivyo yuko katika hatari kubwa ya saratani ya mfuko wa uzazi anapozeeka. Lakini usimpeleke kwa yeyote mwenye koti jeupe. Uliza: umewahi kupasua sungura, wangapi? Na uliza kama asile tangu usiku. Akikwambia ndiyo, kama anavyowaambia wenye mbwa, mshukuru uondoke. Sungura hawezi kutapika, na tumbo lake likikaa tupu ndipo hatari inapoanzia. Ukikosa mtu huko Dar, mlete hapa tukaulizie Chuo Kikuu cha Sokoine, wanakofundisha udaktari wa mifugo. Baada ya upasuaji usitegemee malaika kesho yake, itachukua wiki kadhaa homoni zishuke, na ile mbinu ya kukaa sakafuni iendelee.

Na tafadhali usimnunulie mwenza sasa hivi kwa kudhani ni upweke. Ukileta jike watararuana. Ukileta dume, baada ya siku 31 hivi utanipigia simu nyingine.

Kumnyanyua pia punguzeni. Masikio si mpini. Akirusha mateke hewani bila kushikwa matakoni anaweza kuvunja uti wa mgongo wake mwenyewe.

Mjukuu wangu aliniuliza mwishoni mwa ile sauti, nimesikia, "Babu, sungura ananichukia?" Mwambie hapana. Mwambie babu amesema jioni alale kifudifudi ukumbini na daftari lake la kuchora, asimwite wala asimguse, awe na jani moja la mchicha kando ya kiwiko. Siku ya kwanza sungura hatakuja. Ya pili huenda akapita mbali akinusa hewa. Akifika akalichukua lile jani, mtoto asiinue mkono, aendelee kuchora tu.

Usimrudishe dukani, na kwangu usimlete bado. Nitumie kwanza picha ya kifua chake, upige mchana penye mwanga. Mama yako anasema uongeze na ya mapaja, usimjali.

Baba yako