Koyoti, giza na bunduki ya .22: kwenu mnaoanza kuwinda

Juzi nimemkuta tena dogo mmoja hapa Texas kalala kwenye nyasi anamsubiri koyoti, yule mbwa mwitu mdogo wa Marekani, skopu (darubini ya bunduki) kaipandisha mpaka ikuze mara tisa, jua limeshazama, analalamika haoni kitu. Ataona wapi? Jamani, haya tumeyasema mpaka tumechoka. Nayaandika, msinipigie simu usiku.

1. Jua likishuka, shusha na skopu. Gawanya kipenyo cha lenzi ya mbele kwa ukuzaji. Milimita 40 kwa 9, mwanga unaofika jichoni una upana wa milimita 4 na kitu. Kwa 6 unakaribia 7, na hapo ndipo mboni ya kijana inapofikia gizani. Zungusha pete uone picha inavyofunguka. Hela ya skopu mpya kanunulie risasi.

2. Upepo. Koyoti akisikia mlio wa sungura unaoupiga kumwita huwa anazunguka akunuse kwanza. Angalia upande harufu yako inakoelekea.

3. Umbali. Hapa niacheni niongee. Risasi ya .22 LR, ile ndogo ya kawaida, yenye uzito wa greini 40 (gramu 2.6 hivi) inatoka mtutuni na jouli kama 190 tu, na ukiiweka skopu ilenge sawa yadi 50, ikifika 100 imeshashuka inchi sita au zaidi. Nilikuwa nayajua haya, tena nawafundisha watu. Jioni moja ya Februari akatokea dume pembeni ya vichaka vya mesquite. Kwa lile giza la kijivu nikajiambia, yadi 60. Zilikuwa zaidi ya 100. Nikasikia risasi ikimgonga, pwata, mlio wa tumbo kabisa. Akajikunja, akajing'ata ubavu, akakimbia. Tukamfuata na tochi, tone hapa, tone pale, mpaka kwenye seng'enge, unywele umenasa kwenye mwiba wa waya, damu ikakatika. Mwenye ranchi hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Ulipima?" Kipima umbali kilikuwa mfukoni, na betri mpya. Siku chache baadaye yeye ndiye aliyemkuta, kando ya birika la ng'ombe.

Sasa na .22 LR sivuki yadi 50, tena awe amesimama tuli. .22 Magnum ina nguvu zaidi ya maradufu, hiyo naiamini mpaka 100. Kuna watakaobisha, wabishe. Pima mapema kukiwa bado na mwanga: jiwe lile 40, nguzo ile 65.

4. Macho yanayong'aa yanaweza kuwa ya ndama, au ya mbwa wa jirani. Hujauona mwili wote, kidole kikae nje ya traiga. Na nyuma yake kuwe na tuta la udongo, maana karisasi haka mnakokadharau kanaweza kwenda zaidi ya maili moja, na kakigonga jiwe kanaruka kanakotaka.

5. Texas kuwinda koyoti usiku kunaruhusiwa kwenye ardhi ya mtu, mwenyewe akikubali. Kuna majimbo saa za kuwinda zinaisha nusu saa baada ya jua kuzama, kwa hiyo ukivuka mpaka soma sheria upya. Na kukiwa na joto vaa buti ndefu. Dogo wa juzi alikuja na kandambili, Texas, kwenye nyoka wa njuga!