Hidaya ilinikuta Mbagala, mama yuko Mafia

Msomaji mmoja wa Mtwara kaniandikia wiki hii. Wazazi wako pwani, yeye anatafuta maisha mjini. Kimbunga kikitangazwa afanye nini? Dada yangu, umenitonesha kidonda.

Mwanzoni mwa Mei 2024 TMA, watu wa hali ya hewa, walitangaza kuwa Kimbunga Hidaya kinakuja. Ijumaa jioni nikampigia mama, Kilindoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekula?"

Nikamwomba ahamie kwa shangazi, nyumba yake ina zege juu. Akanijibu kuwa upepo anaujua tangu hajaolewa, na mbuzi nani atawaangalia? Sikubishana. Nyumba nilikuwa nimeiezeka upya Januari, mabati ya geji 28, hela yangu mwenyewe bila mchango wa mtu, na nilijiona nimemaliza.

Usiku wa kuamkia Jumamosi tarehe 4 gridi ya taifa ikapata hitilafu, giza tupu. Siku hiyohiyo Hidaya ikatua Mafia. Napiga, namba haipatikani. Napiga tena, haipatikani. Yule dada wa kwenye simu nilifika mahali nikamchukia. Chaji imebaki asilimia 9, nimekaa kwenye gari la jirani nachaji, mvua inapiga kioo, na kuvuka hakuna: boti za Dar na Zanzibar zenyewe zimesimama, sembuse za Nyamisati za kwenda Mafia.

Jumapili jioni ndipo nikajua mama mzima. Alilala kwa jirani na mbuzi wake. Mdogo wangu alijua tangu Jumamosi usiku, akawaambia wajomba, mashangazi, mpaka shemeji. "Nilidhani umeshaambiwa, kaka." Mtuma hela za bati ndiye wa mwisho kujua! Tumeshayamaliza, lakini nikisema limetoka moyoni nitakuwa naongopa.

Kwa hiyo la kwanza: kabla upepo haujafika, kubalianeni nani anampigia nani. Mtu mmoja kule, mmoja huku. Simu zijazwe chaji mapema, na uwe na namba za majirani wawili, maana kitochi cha mama kikizima umekwisha.

Safari ya kuvuka nairuka, nilitapika njia nzima. Nilipofika, mabati manne hayapo. Moja lilikuwa limejiviringisha kwenye mnazi nyuma ya nyumba kama kanga kiunoni. Nikaokota misumari chini: ya mbao, ile ya kawaida, imechomoka imenyooka vilevile kama ilivyotoka dukani. Mimi nilitoa hela ya misumari ya bati, yenye kofia. Kumuuliza fundi, ananiambia kazi ya Mungu.

Ndugu zangu, tunajenga kwa simu. Tunatumiwa picha moja ya paa linang'aa, tunaisambaza tupongezwe, hakuna anayepanda kukagua papi, mbao zinazopigiliwa mabati, wala kuuliza kama kenchi, fremu za mbao zinazobeba paa, zimefungwa waya kwenye ukuta. Nenda mwenyewe. Kama huwezi, mtume mtu ambaye hakula hela ya fundi. Na mzazi akikataa kuhama, usikate simu haraka kama mimi. Mtafutie kwanza mbuzi wake pa kulala.

Na nasisitiza tena: namba za majirani.

Lile bati la mnazini nilitaka litupwe. Mama kaligonga na mchi likanyooka nusu, kaezekea banda la mbuzi, na misumari kaninunulisha ya kofia.